Loji ya Freemason ni nini? Historia yake tangu banda la mbao la waashi, na namna matapeli wanavyoitumia

Ukimwambia bodaboda wa Usa River akupeleke loji, atakuuliza swali moja tu: ya bei gani? Kwetu Meru loji ni nyumba ya wageni. Lakini lipo neno hilo hilo lenye maana nyingine, na hiyo ndiyo iliyotuletea simu nyingi studio.

Simu iliyotufanya tuandike makala hii ilitoka Nkoaranga. Mama mmoja anayeuza ndizi soko la Tengeru alitupigia baada ya kipindi, akasema: "Wanangu, kijana wangu ameuza ndama ili ajiunge na Freemason. Wamemwambia loji iko Arusha mjini, lakini kila akilipa wanamwambia bado. Hiyo loji ipo kweli?"

Kijana aliona karatasi imebandikwa kwenye nguzo ya umeme, ina namba ya simu na ahadi ya utajiri. Alianza kwa kulipia fomu. Kisha akaambiwa alipie "usajili", kisha "usafiri wa wakala", kisha "kufungua akaunti ya utajiri". Ndama akaisha, loji hakuiona.

Swali la yule mama linastahili jibu kamili. Loji za Freemason zipo kweli duniani, na Tanzania zipo. Zina historia inayojulikana, majengo yanayoonekana na taratibu zilizochapishwa kwenye vitabu. Ukiijua historia hiyo, utatambua mara moja kwamba aliyebandika karatasi kwenye nguzo ya umeme hahusiani nayo.

Neno loji lilianzia kwenye banda

Freemason ni neno la Kiingereza lenye maana ya mwashi huru, yaani fundi wa kujenga kwa mawe. Ulaya ya zamani, makanisa makubwa ya mawe yalijengwa kwa miaka mingi, mengine kwa zaidi ya miaka 100. Mafundi walihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, na kila walipofika kwenye kiwanja kipya kitu cha kwanza kujengwa kilikuwa banda lao.

Banda hilo kwa kawaida lilikuwa la mbao, limeegemea ukuta au limesimama pembeni ya ujenzi. Ndani yake walichonga mawe mvua isiwanyeshee, walitunza zana, walikula na kupumzika mchana. Liliitwa loji. Kumbukumbu za ujenzi wa abasia ya Vale Royal nchini Uingereza za mwaka 1278 zinaonyesha maseremala wakilipwa kwa kujenga loji za mafundi.

Kwa hiyo kabla loji haijawa chama, ilikuwa banda la mbao la mafundi wa mawe. Yeyote aliyewahi kuona mafundi wanajenga shule au zahanati kijijini anajua picha hiyo: kabla msingi haujachimbwa, kibanda cha saruji na majembe kimeshasimama.

Humo bandani ndimo mafundi walipopanga mambo yao: nani ni mwanafunzi, nani amekomaa, nani anaruhusiwa kusimamia wenzake. Hawakuwa na vyeti vya kuonyesha. Inasimuliwa kwamba fundi mgeni alitambulishwa kwa maneno na ishara walizofundishana, ili asiyejua kazi asijifanye fundi. Siri za mwanzo zilikuwa siri za ajira.

Kutoka kazi ya mawe hadi chama

Baadaye loji zilianza kupokea watu ambao hawakuwa mafundi kabisa. Loji ya Edinburgh huko Scotland ina kumbukumbu za vikao tangu mwaka 1599. Mwaka 1646 msomi Elias Ashmole, ambaye hakuwa mwashi, aliandika kwenye kitabu chake cha kumbukumbu kwamba amepokelewa katika loji mjini Warrington, Uingereza.

Tarehe 24 Juni 1717, loji nne za London ziliungana na kuunda Loji Kuu ya kwanza. Zilikutana katika baa iliyoitwa Goose and Gridiron. Mwaka 1723 kikachapishwa kitabu cha katiba na kanuni zao, kilichoandikwa na mchungaji James Anderson. Ireland na Scotland nazo zikawa na Loji Kuu zake, na mwaka 1813 Loji Kuu mbili zilizokuwa zikishindana Uingereza zikaungana kuwa moja. Chini ya hiyo ndipo ziliposimama baadaye loji nyingi za makoloni, zikiwamo za Afrika Mashariki.

Wakati huo kazi ya mawe ilikuwa imebaki mfano tu. Nyundo, pimamaji, bikari na pembe mraba vilitumika kufundishia tabia: mtu ajichonge kama jiwe mpaka akae sawa ukutani pamoja na wenzake.

Loji ya kijijini na nyumba yake ya mbao

Wahamiaji wa Ulaya walipokwenda Marekani, Australia na New Zealand walibeba loji pamoja nao. Kijijini hakukuwa na fedha za kujenga kwa mawe, lakini miti ilikuwapo. Hivyo waashi wa jina wakajenga kwa mbao. Mjini Richmond, jimbo la Virginia, bado limesimama jengo la Masons' Hall lililojengwa kwa mbao kuanzia mwaka 1785, nalo ni kati ya majengo ya kale zaidi ya Freemason nchini Marekani.

Katika vijiji vya Marekani mfano uliozoeleka ulikuwa nyumba ya mbao ya ghorofa moja, pana kama darasa. Chama kilitumia chumba cha juu. Chini palikuwa shule, duka, kanisa au ukumbi wa kijiji. Sababu ilikuwa hesabu: wanachama wachache hawawezi kulipia jengo linalotumika siku moja au mbili kwa mwezi, na kodi ya chini ililipia paa la juu. Kwa chama, chumba cha ghorofani kilikuwa na faida nyingine, hakuna mpita njia anayeweza kuchungulia dirishani.

Hapo ndipo tatizo lilipoanza pia. Mtoto anasoma chini, anajua baba zao wanapanda juu usiku, mlango unafungwa, na mtu anasimama nje kuulinda. Kila mtu alijua nyumba ni ya nani, ila wachache tu walijua kinachofanyika.

Mwaka 1826 mtu mmoja wa mji mdogo wa Batavia, jimbo la New York, William Morgan, alitangaza kwamba angechapisha siri za chama. Akakamatwa kwa madai ya deni dogo, akachukuliwa, na hakuonekana tena. Wananchi waliamini wanachama wamemuua na kwamba mahakimu wanachama wanalindana. Hasira ikawa kubwa hata kikaanzishwa chama cha siasa cha kupinga Freemason, ambacho mwaka 1832 kilisimamisha mgombea urais, William Wirt, akashinda jimbo moja la Vermont. Loji nyingi za vijijini zilifungwa katika miaka hiyo.

Tunalieleza hili kwa sababu wapo wanaodhani hofu ya Freemason ni ushamba wa Kiafrika. Sivyo. Wakulima wazungu wa New York waliogopa mlango uliofungwa kama sisi, na walikuwa na sababu: mtu alipotea na hapakuwa na majibu.

Ndani kuna nini?

Chumba cha loji ni cha mstatili. Mwenyekiti hukaa upande wa mashariki, wasaidizi wake wawili wakuu hukaa pande nyingine. Sakafuni mara nyingi kuna marumaru au zulia la miraba myeusi na myeupe. Katikati au mbele ya mwenyekiti kuna kitabu kitakatifu: Biblia, Kurani au kingine kulingana na dini za wanachama, kikiwa na bikari na pembe mraba juu yake. Mlinzi hukaa nje ya mlango.

Ngazi za msingi ni tatu, zilizochukuliwa kwa mafundi wa zamani: mwanafunzi, fundi mwenza na fundi kamili. Kila ngazi ina igizo lake na maneno ya kukariri. Maigizo hayo yamechapishwa na kuuzwa hadharani mara nyingi tangu karne ya 18, kwa hiyo siri iliyobaki ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Masharti ya kuingia katika loji za asili ya Uingereza ni haya:

Mwombaji awe mwanamume mtu mzima anayeamini kuwa Mungu yupo. Wanawake wana vyama vyao tofauti, kimojawapo kilianza London mwaka 1908.

Aombe mwenyewe, na apendekezwe na wanachama wanaomfahamu. Kisha wanachama hupiga kura ya siri, kwa desturi kwa kutumia vigololi vyeupe na vyeusi.

Alipe ada ya kuingia na ada ya kila mwaka, na achangie misaada ya wajane, yatima, shule au hospitali. Fedha zinatoka mfukoni mwake kwenda kwenye chama.

Mabishano ya dini na siasa ndani ya kikao hayaruhusiwi.

Waliofungiwa mlango

Loji zilihubiri udugu wa watu wote, lakini mlango haukufunguka kwa wote. Mjini Boston, mwaka 1775, mtu mweusi huru aliyeitwa Prince Hall na wenzake 14 walipokelewa na loji ya wanajeshi iliyokuwa chini ya Ireland. Loji za wazungu wa hapo hazikuwakubali. Wakaomba hati London, wakapewa mwaka 1784, wakaanzisha loji yao ya Waafrika. Prince Hall huyo huyo alitia saini maombi ya kutaka utumwa ukomeshwe Massachusetts.

Kutoka hapo zilikua loji za watu weusi Marekani nzima, nyingi zikiwa katika nyumba za kawaida za mbao, na zikawa mahali pa kuzikana, kusaidiana na kuchangia kesi za haki za raia. Mmoja wa wanachama wao alikuwa wakili Thurgood Marshall, ambaye mwaka 1960 alikwenda London kwenye mkutano wa Lancaster House kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya kuhusu haki za msingi katika katiba. Mwaka 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Liberia ilikuwa kinyume chake. Loji Kuu iliyoanzishwa huko mwaka 1867 ilikuwa ya familia zilizotoka Marekani, na watawala wengi walikuwa wanachama. Wenyeji waliokuwa nje waliliona jengo lake kubwa la Monrovia kama mahali ambapo nchi inagawanywa bila wao. Serikali ilipopinduliwa Aprili 1980, jengo liliporwa na chama kikapigwa marufuku kwa miaka kadhaa.

Mifano hii miwili inatuonyesha kwamba loji huwa nzuri au mbaya kwa jamii kulingana na walio ndani na wanaoachwa nje.

Ilivyofika Afrika Mashariki

Loji zilikuja hapa na maofisa, wafanyakazi wa reli, wafanyabiashara na walowezi wa Kiingereza. Loji ya Harmony ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1905, ni kati ya za mwanzo kabisa. Mwaka 1926 loji za eneo letu zikawekwa chini ya uongozi wa Wilaya ya Afrika Mashariki wenye makao Nairobi. Dar es Salaam jengo lao, Freemasons' Hall, liko barabara ya Sokoine karibu na bandari. Halijafichwa, maelfu ya watu hulipita kila siku.

Mwanzoni wanachama walikuwa Wazungu. Waasia walifuata, Waafrika wakaja baadaye sana. Mtanzania aliyejulikana zaidi kwa uanachama wake ni Sir Andy Chande, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1928 na kukulia Bukene, Tabora. Viwanda vya unga vya familia yake vilitaifishwa mwaka 1967, naye akapewa na serikali kazi ya kuongoza Shirika la Taifa la Usagishaji. Alikuwa kiongozi wa Freemason wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, hakuficha, alizungumza na waandishi wa habari na kuandika kitabu cha maisha yake mwaka 2005. Alifariki Aprili 2017.

Angalia mfuatano wa maisha hayo: utajiri wa Chande ulitokana na biashara ya familia ya nafaka, na serikali ilipoutaifisha, chama hakikumrudishia.

Kwa nini tunaamini uvumi?

Hofu yetu haikuanzia kwenye mtandao. Wakati wa ukoloni wazee wetu walisimuliana habari za mumiani na chinja-chinja, watu wanaonyonya damu kwa ajili ya wageni. Nairobi na Kampala walidhaniwa kuwa wazimamoto. Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi hizo katika kitabu alichokichapisha mwaka 2000, akaonyesha kwamba uvumi ulikuwa njia ya watu kueleza utawala unaochukua bila kueleza.

Sisi wa Meru tunalijua hilo kwa mfano wetu wenyewe. Mwaka 1947 ilitoka ripoti ya Jaji Mark Wilson kuhusu ardhi ya Arusha na Moshi. Mwaka 1951 familia za Wameru zikaondolewa Engare Nanyuki kwa nguvu, ardhi ikatengwa kwa walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasilisha malalamiko Umoja wa Mataifa. Hatusemi Freemason walihusika na kesi hiyo. Tunasema jamii iliyowahi kupoteza ardhi kwa maamuzi ya vyumba ambavyo haikuruhusiwa kuingia haiwezi kulaumiwa ikitilia shaka mlango uliofungwa.

Kenya nako, serikali ya Rais Moi iliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani mwaka 1994, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Katika mjadala huo Freemason walitajwa mara kwa mara. Kisha zikaja filamu na mitandao: msanii akinunua gari ni Freemason, akifariki ghafla ametolewa kafara.

Dini zinasemaje?

Hapa tutenganishe mambo mawili. Mtu anaweza kuikataa Freemason kwa imani yake bila kuamini uvumi. Kanisa Katoliki limewakataza waumini wake tangu Papa Clement XII mwaka 1738, na Vatikani ilirudia msimamo huo mwaka 1983 na tena 2023. Baraza la Fiqhi la Makka nalo liliipinga mwaka 1978. Sababu zao ni za mafundisho na viapo, na muumini anayetaka kujua zaidi amuulize padri, mchungaji au sheikhe wake.

Lakini kusema "dini yangu inakataza" ni tofauti na kusema "wanagawa fedha". La pili ndilo linalowalisha matapeli.

Mtapeli anavyofanya kazi

Mtapeli wa Freemason ni ndugu wa yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tofauti ni kwamba huyu anategemea tamaa na hofu kwa pamoja. Tamaa inakufanya ulipe, hofu inakufanya unyamaze. Kijana wa Nkoaranga aliambiwa akimweleza mtu yeyote mzazi wake atakufa. Ndiyo maana mama alijua baada ya ndama kuuzwa.

Linganisha na historia tuliyoeleza:

Loji haitafuti wanachama kwa ujumbe wa simu wala karatasi kwenye nguzo. Mwombaji hupendekezwa na watu wanaomfahamu uso kwa uso.

Loji haimlipi mtu kwa kujiunga. Mwanachama ndiye anayelipa, kila mwaka.

Loji ina jengo na viongozi wanaojulikana. Mtapeli ana namba ya simu na jina la "wakala".

Mtapeli huongeza malipo mapya kila ukimaliza la kwanza, na hutaka yaende kwenye namba ya mtu binafsi.

Ukitumiwa ujumbe wa aina hiyo, usijibu na usipige. Ripoti namba hiyo kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa ajili ya utapeli. Ukishatuma fedha, piga haraka huduma kwa wateja ya mtandao wako, kisha nenda kituo cha polisi ukiwa na ujumbe na kumbukumbu za miamala. Usifute chochote. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa udanganyifu unaofanywa kwa mfumo wa kielektroniki.

Na kama ni mzazi, usianze kwa kumgombeza kijana. Aliyetishiwa kifo cha mama yake anahitaji kwanza kusikia kwamba mama hafi. Yule mama wa Tengeru alifanya hivyo: alimkalisha chini, akamwambia, "Mwanangu, mimi hapa, nipo." Kijana akatoa simu, wakaenda polisi pamoja.